Shokapu za Hilux ya mkononi: nichukue za mafuta, za gesi, au zile nene? (Njia zangu ni Ilagala, Uvinza na Kalinzi)

#1 Mbeba_Mawese

Wakuu habari za jioni.

Nina Hilux ya 2001, singo kebini, injini ya dizeli 5L (hilo ni jina lake, siyo lita tano), 4WD. Nimeichukua mkononi kwa mtu mwaka jana. Mbele ni toshen baa (fimbo ya chuma inayojisokota, ndiyo springi yake), nyuma ni springi zile za vyuma bapa vilivyopangwa. Kazi yake ni mawese. Nayatoa vijijini upande wa Ilagala, nayaleta Kigoma mjini, na nikirudi napakia saruji au bati za watu. Mara mojamoja dagaa wa Kibirizi.

Shida ni hii. Likiwa tupu, mkia unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Nikiacha lami na kuingia kwenye rasta (yale matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi), kona ndogo tu nyuma kunataka kwenda kwake na mbele kwake. Likipakia, linakaa chini kama kuku anayeatamia, na nikipita tuta linanesa mara tatu nne ndipo litulie. Shokapu ya nyuma kushoto imelowa mafuta mpaka vumbi limegandia kama kashata. Tairi za nyuma zinalika mabonde mabonde, huku kuna kashata ya mpira, huku hakuna.

Nimezunguka maduka ya spea, kila mtu ananipa lake. Wa kwanza anasema chukua za mafuta za kampuni ya KYB, ndizo zilizokuja na gari. Wa pili anasema za gesi. Wa tatu ana nene, nyekundu, anasema hizo "zitanyanyua mgongo". Fundi wa jirani yangu yeye anataka atoboe hizi za zamani, ajaze oili, achomelee tundu, maisha yaendelee.

Wenye uzoefu tusaidiane, pesa ni ya kupimia.

#2 Kaptula_ya_Khaki

Nakaa hapa kwenye kiti cha mbele. Nina Hilux ndugu yake na hiyo.

#3 Mnyamwezi77

Mkuu, za mafuta ni mambo ya babu zetu. Mimi nakata Sikonge, Ipole mpaka kule ndani kwenye tumbaku, barabara ya vumbi, rasta mpaka meno yanagongana. Nilifunga za gesi, mchezo ukaisha. Usisikilize maneno mengi. Gesi.

#4 Mtoto_wa_Gerezani

Mbona mnajitesa? Njoo Dar, Gerezani, unapata za mtumba zilizotoka Japani moja kwa moja, orijino kabisa, na chenji inabaki. Mpya za siku hizi nusu ni feki.

#5 Fundi_Mwanga

Mleta uzi, nimefanya kazi za miguu ya magari hapa Kigoma tangu enzi za Hilux zenye springi bapa mbele na nyuma. Nitaandika kirefu, uvumilie.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja, kwa sababu ndicho kinachowamaliza watu pesa. Shokapu haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Springi ukiikandamiza ina tabia ya kurudi, na ikirudi inapitiliza, inashuka tena, inapanda tena. Shokapu inaukamata ule mchezo kwa kulazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo ndani yake, na ile nguvu ya kuruka inageuka joto. Basi. Ndiyo maana ukitoa shokapu zote nne gari halianguki chini hata sentimita chache, linabaki limesimama vilevile, ila ukiliendesha utatapika.

Sasa rudi kwenye maelezo yako. Umesema vitu viwili tofauti ukavichanganya. Kunesa mara tatu nne, mkia kuruka, tairi kulika mabonde, hayo ni ya shokapu. Kukaa chini kama kuku anayeatamia, hilo ni la springi. Anayekuuzia shokapu akakwambia itanyanyua mgongo anakuuzia dawa ya jicho uende kupaka goti. (Zipo shokapu zilizovikwa springi juu yake, au za kujazwa upepo, hizo zinasaidia kubeba kidogo. Lakini masikio ya shokapu kwenye chesisi ya Hilux hayakuchomelewa kwa ajili ya kubeba, na ukiyabebesha yatachanika.)

Kabla hujatoa hata shilingi, ingia chini ya gari na tochi. Hesabu vipande vya springi kulia, hesabu kushoto. Pitisha kidole ukingoni mwa kila kipande, kimoja kimoja, hasa karibu na pale katikati palipobanwa na yubolti (bolti ya umbo la U) na kwenye ncha. Ufa wa springi unajificha kwenye vumbi. Angalia bushi, zile raba za kwenye macho ya springi. Angalia raba ya kugotea, ile nyeusi iliyo chini ya chesisi juu ya eksele, kama ipo au ilishaliwa.

Halafu utuambie unabeba kilo ngapi. Usiniambie "nabeba kawaida".

La kutoboa na kujaza oili: likifanywa kwenye shokapu ya mafuta utapata wiki mbili za furaha, kwa sababu kilichokufa ni sili (raba inayozuia oili isitoke) na vali, siyo oili. Likifanywa kwenye ya gesi, huyo jamaa anatoboa chombo chenye presha. Mimi nisingesimama karibu.

La mtumba: kaka wa Gerezani, nakuheshimu, injini ya mtumba nanunua, gia boksi nanunua, taa nanunua. Shokapu ya mtumba ni njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwashwa. Inaonekana njiti, ina urefu wa njiti.

#6 Mtoto_wa_Gerezani

Hahaha fundi umenipiga hadharani. Sawa, ila feki zipo, hilo hukulijibu.

#7 Mbeba_Mawese

Fundi shikamoo. Naomba niseme ukweli maana nimeona aibu kuuandika pale juu.

Zile nyekundu nilishazinunua. Wiki tatu zilizopita. Nikafungiwa nyuma zote mbili palepale nje ya duka. Zilivyofungwa, gari tupu likawa gumu kama mkokoteni, nikasema hapa sasa ndiyo kazi. Safari ya kwanza na mzigo, nimefika kwenye daraja dogo la magogo, nikasikia *kah!* upande wa kushoto. Utingo akashuka, akachungulia, akaniambia "bosi, shokapu inaning'inia". Sikio la juu limekatika kwenye chesisi, limetoka na kipande cha bati lake. Nimelichomelea, nikarudisha zile za zamani zinazovuja. Muuzaji anasema mimi nimezidisha mzigo, mali ikishafungwa hairudi.

Mzigo wangu ni dumu 55. Mafuta siyo mazito, au?

#8 Fundi_Mwanga

Marahaba mwanangu. Hakuna aibu, aibu ni kununua za pili.

Tupige hesabu. Lita moja ya mawese ni kama gramu 900 na kidogo. Dumu la lita 20 ni kilo 18, na dumu lenyewe tupu weka kilo moja. Kilo 19. Mara 55 ni kilo 1,045. Wewe, utingo, jeki, spea tairi na yule mama mwenye mzigo ambaye huwezi kumwacha njiani. Umepita tani moja na ushee kwenye gari lililotengenezwa kwa tani moja hivi likiwa jipya, na lako lina zaidi ya miaka ishirini. Mafuta ni mepesi kuliko maji, sawa, lakini dumu 55 ni dumu 55.

Ila sikio halikukatika kwa ajili ya uzito tu. Nahisi hizo nyekundu ni ndefu kuliko nafasi ya gari lako. Zipime zikiwa zimefungwa kabisa, kutoka katikati ya jicho la juu mpaka katikati ya jicho la chini. Kisha nitakwambia upime nini kwenye gari.

#9 Binti_Uvinza

Naomba kuingia. Mimi ni mwanamke nina pikapu mbili, kazi yake chumvi, Uvinza kwenda Kasulu na kwingine. Mambo ya ufundi sijasomea ila nimelipa ada.

Namna ninayojua shokapu iliyokufa bila kumuuliza mtu: dereva akirudi kutoka njia ya rasta, kabla gari halijapoa, napita kila mguu nagusa shokapu kwa mgongo wa mkono, haraka haraka maana inaunguza. Tatu zikiwa za moto na moja ya baridi, ile ya baridi ndiyo marehemu. Haifanyi kazi ndiyo maana haipati joto. Madereva walikuwa wananiambia "mama zote nzima, tumebonyeza bodi haijanesa". Pikapu ngumu, mtu wa kilo 60 atabonyeza nini?

Na jingine, anayebeba chumvi au dagaa: maji ya chumvi yanashuka chini ya bodi, yanakula ule mti unaong'aa wa shokapu. Ukishapata vidoa vya kutu vinakwaruza sili kila inapopanda na kushuka, inaanza kuvuja. Siku hizi gari likishusha mzigo linaoshwa chini kwa maji mengi, siyo bodi tu la kuonyesha watu. Shokapu zimeanza kukaa.

#10 Fundi_Mwanga

Dada, hiyo ya kugusa nawafundisha vijana wangu kila siku na hawanisikii. Asante.

Niongeze tu: shokapu yenye unyevu mdogo juu, kama jasho, na vumbi limeshika kidogo, hiyo bado nzima, mti lazima uwe na utando wa oili ili sili isiungue. Inayodondosha mpaka chini, au iliyolowa nusu nzima kama ya mleta uzi, hiyo imekwisha.

#11 Mnyamwezi77

Mnazunguka sana. Gesi au mafuta? Jamaa aliuliza swali.

#12 Fundi_Mwanga

Haya ndugu yangu wa Tabora. Hata hizo za gesi unazozisifia zina oili. Zote zina oili. Ya gesi ni ya oili iliyoongezewa naitrojeni ya kuikandamiza oili ili isitoe povu.

Chukua mwiko, koroga uji mzito. Mkono unasikia uzito. Sasa chukua mwiko huohuo upitishe kwenye povu la sabuni. Husikii kitu. Ndani ya shokapu ya kawaida ya mafuta, juu ya oili kuna hewa. Kwenye rasta, mti unapanda na kushuka mara nyingi mno kwa sekunde, oili inachemka joto, inachanganyika na ile hewa, inakuwa povu. Pistoni inapita kwenye povu. Dereva anahisi gari limelegea ghafla baada ya kilomita kadhaa za rasta, akisimama kunywa chai nusu saa, linapona. Watu wanafikiri ni pepo. Ni povu.

Naitrojeni inazuia hilo. Kwa hiyo wewe Mnyamwezi umesema kweli, ila hukujua kwa nini.

Sasa za gesi nazo ni za aina mbili, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Kuna zenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, presha yake ndogo. KYB wanaziita Excel-G, nyeusi. Na Nitrocharger za Old Man Emu ya Australia ni za ukoo huohuo wa mirija miwili, nene zaidi, ghali zaidi. Halafu kuna za mrija mmoja, presha kubwa, pistoni inasugua ukuta wa nje wenyewe: Gas-A-Just za KYB, na Bilstein za Ujerumani. Hizi zinapoa haraka kwa sababu oili iko jirani na upepo wa nje, hakuna mrija wa pili wa kuificha. Kwenye rasta ndefu hazina mpinzani.

Tatizo lake ni jiwe. Mrija mmoja ukipigwa na jiwe ukabonyea, pistoni inakwama palepale, imekufa. Wa mirija miwili, ukibonyea ule wa nje, wa ndani unaendelea na kazi yake kama hajui kilichotokea. Njia za Ilagala na kule juu Kalinzi mvua ikinyesha, mawe yanarushwa na tairi yako mwenyewe. Kwa hiyo kwa mleta uzi mimi nachagua ya gesi, mirija miwili, presha ndogo. Siyo kwa sababu ndiyo bora duniani.

Za mafuta tupu, Premium za KYB kwa mfano, sizitukani. Mtu anayezunguka mjini Mwanga, Ujiji, Bangwe, lami na matuta, zinamtosha na ni laini kuliko zote.

#13 Kasulu_Vigo

Fundi mimi nina Vigo ya 2008 (Hilux ya toleo lililofuata), mbele shokapu imo ndani ya springi. Kijana mmoja hapa ananiambia anaweza kufungua nyumbani kwa spana tu. Halafu nilishawahi kutumia zile zenye kitasa cha kuongeza na kupunguza ugumu, nilizipenda nikiwa tupu naweka laini, nikipakia naongeza. Ila udongo mwekundu wa huku ulijaa kwenye vitasa mpaka vikagoma kugeuka, nikawa nimelipia kitasa cha mapambo.

#14 Fundi_Mwanga

Kasulu, mwambie huyo kijana aache. Springi ya Vigo mbele imebanwa na ile shokapu. Ukifungua nati ya juu bila kibana springi, ile springi inatoka kama risasi, na uso wa mtu unakuwa juu yake kwa sababu ndiye aliyeinama. Nimeona mkono, sitaki kuona kichwa. Peleka penye kibana cha kweli, siyo minyororo na waya. Mwenzako wa 2001 ana nafuu, mbele toshen baa iko peke yake na shokapu iko peke yake, unafungua bila kugusa springi.

Mleta uzi, umepima?

#15 Mbeba_Mawese

Nimepima fundi. Jumapili nzima nimelala kwenye turubai, watoto wa jirani wamekuja kuniangalia kama maiti.

Nyekundu ikiwa imefungwa kabisa: sentimita 37. Ya zamani ya gari, ikiwa imefungwa: 33. Ikifunguliwa yote: 56.

Na springi nimehesabu kama ulivyosema. Kulia vipande vyote vizima. Kushoto, kipande cha pili kutoka chini kimekatika karibu na yubolti, kimebaki kimeshikwa na vibano tu, kwa macho huoni mpaka upitishe kidole. Kidole kimechanika kidogo, ndivyo nilivyokiona.

#16 Fundi_Mwanga

Kidole kimefanya kazi ya kompyuta.

Sasa gari likiwa limesimama chini tupu, pima kutoka sikio la juu la shokapu mpaka la chini. Kisha pima pengo kati ya ile raba ya kugotea na eksele. Toa la pili kutoka la kwanza.

#17 Mbeba_Mawese

Sikio kwa sikio 45. Pengo la raba 10. Inabaki 35.

#18 Fundi_Mwanga

Umejijibu mwenyewe. Gari lako likigotea mpaka mwisho, shokapu inapewa nafasi ya sentimita 35. Nyekundu haiwezi kupungua chini ya 37. Kwa hiyo kabla eksele haijafika kwenye raba, shokapu imeshafika mwisho, na tani moja yote na kasi yake inashuka juu ya sikio lile. Hata lingekuwa la reli lingekatika. Na kwa sababu springi ya kushoto ilikuwa imevunjika, gari lilikuwa linashuka mpaka mwisho kila tuta. Muuzaji alitazama unene, hakutazama urefu.

Ya zamani, 33, ina nafasi ya sentimita mbili za kupumulia. Kwa kuwa shokapu imekaa kwa kuinama kidogo hesabu ya kutoa siyo kamili sana, hizo mbili ndizo usalama wako, usizile.

Upande wa pili: nyanyua chesisi kwa jeki mpaka tairi zote mbili za nyuma zining'inie, weka magogo imara chini ya chesisi, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa shokapu, pima tena sikio kwa sikio. Shokapu mpya ikifunguliwa yote iwe ndefu kuliko hapo, vinginevyo ndiyo itakayokuwa inaishikilia eksele isidondoke, na itang'oka. Wanaoongeza kipande cha springi au kuweka shako ndefu (kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi) kunyanyua gari ndio wanaoumia hapa: gari limepanda, shokapu imebaki ya zamani.

#19 Mbeba_Mawese

Ikining'inia ni 54.

#20 Fundi_Mwanga

Basi tafuta yenye kufunga 33 na kufungua 56, yaani ya saizi ya gari lako lilivyotoka kiwandani, usiongeze wala usipunguze. Nenda na namba ya chesisi dukani, siyo neno "ya Hilux". Hilux za miaka ile ziko za mbili wili na za 4WD, na shokapu hazifanani.

Za feki, nimejibu sasa kaka wa Gerezani. Mimi natazama mti kwanza: wa kweli umeng'arishwa kama kioo, ukipitisha ukucha hausikii mstari. Namba ya kwenye mwili wa shokapu ilingane na ya kwenye boksi, herufi kwa herufi. Weldi ya jicho iwe mstari mmoja mtulivu. Ya gesi ukikata ule ukanda wake inafunguka yenyewe taratibu bila kusimama njiani. Ya mafuta inabaki ulipoiacha, hiyo siyo kasoro. Na uzishike mbili kwa pamoja, uzito mmoja.

#21 Binti_Uvinza

Na mnunue pea, jamani. Mimi nilibadilisha moja tu kwa ubahili, gari likawa linapiga hatua kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

#22 Mnyamwezi77

Fundi nimekuelewa, nimerudi kwenye gari langu nimepima, moja ya nyuma imefunguka karibu yote nikiwa nimesimama. Mwaka juzi niliongezewa vipande viwili vya springi. Kumbe.

#23 Fundi_Mwanga

Ndiyo hivyo. Tafuta ndefu zaidi kabla haijang'oka.

Mleta uzi, siku ya kufunga usiwaachie vijana peke yao. Mambo matatu. Mti ule wasiushike na plaizi hata iweje, alama moja ya meno ya plaizi inakula sili. Shokapu ikiwa imesimama wima, ibonyeze na kuiachia mara tano sita kabla ya kufunga, maana boksini ilikuwa imelala na hewa imeingia penye oili. Na nati za mwisho zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa tairi zake, siyo likining'inia. Ukizikaza likining'inia, zile bushi za raba zinakuwa zimesokotwa muda wote gari linapotembea, baada ya miezi michache zinachanika na unasikia *ko ko ko*.

Springi, nunua kipande kipya au seti iliyotumika lakini nzima. Kile cha kugongewa nyundo kikiwa baridi kurudishiwa mgongo kinakaa vizuri mpaka utoke getini.

#24 Kaptula_ya_Khaki

Huu uzi nimeupiga picha wote.

#25 Mbeba_Mawese

Wakuu, miezi miwili imepita, narudisha mrejesho kama mila inavyotaka.

Shokapu za nyuma nimechukua KYB za gesi zile nyeusi, pea, kwa namba ya chesisi. Hapa mjini walikuwa na moja tu, nyingine feki ya wazi, boksi lina herufi zimepinda. Nikaagiza pea kutoka Dar, zikaja na basi. Springi nimebadilisha kile kipande kilichokatika, na fundi akaniambia nibadilishe na bolti ya kati maana ilikuwa imeanza kulika. Bushi mpya kote nyuma. Raba ya kugotea ya kushoto haikuwepo kabisa, nimeweka.

Dumu nimeshusha kutoka 55 mpaka 48. Hesabu ya fundi ilinikaa kichwani usiku. 48 mara 19 ni kilo 912. Nafidia kwa safari moja zaidi kwa wiki, na mafuta ya gari hayajaongezeka nilivyoogopa kwa sababu sikanyagi tena gia ya pili kwenye vilima.

Upepo wa tairi za nyuma nikiwa tupu napunguza kidogo kabla ya kuingia rasta, nikipakia najaza. Nilikuwa naacha za mzigo siku zote, nayo ilikuwa inachangia mkia kurukaruka.

Kwenye tuta sasa linashuka, linapanda, limetulia. Mara moja. Kitu nilichokigundua bila kutarajia: vifuniko vya dumu vimeacha kuvuja. Zamani nilikuwa nafika na bodi limelowa mawese, nanusa mpaka kesho, nikidhani ni dumu mbovu. Kumbe zilikuwa zinagongana njia nzima. Na utingo amelala kutoka Ilagala mpaka Simbo, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jioni nikifika nagusa kwa mgongo wa mkono kama dada alivyosema. Za nyuma moto sawasawa. Ya mbele kulia iko vuguvugu tu. Nadhani mshahara ujao ndio huo.

#26 Fundi_Mwanga

Vuguvugu na mwenzake wa kushoto yukoje?

#27 Mbeba_Mawese

Wa moto.

#28 Fundi_Mwanga

Basi pea ya mbele. Njoo Jumamosi asubuhi, uje na zilezile boksi nizione kabla hazijafunguliwa.

#29 Mtoto_wa_Gerezani

Na zile nyekundu uliziuza? Mimi nina mteja.

#30 Mbeba_Mawese

Haziuzwi mkuu. Moja inazuia mlango wa banda la kuku usifunguke kwa upepo, nyingine mke wangu anatwangia karanga.

#31 Binti_Uvinza

Sentimita 37 zimepata kazi.